Breki Mpya, Magurudumu ya Jirani

Aibu hii nimekaa nayo muda wa kutosha, na kwa kuwa majirani zangu wa Lanet, hapa Nakuru, wameshaisimulia kwa namna zao zote (kuna wanaodai nilitoroka, jambo ambalo si kweli, kwani miguu yenyewe ilikataa), naona afadhali ninyi muisikie kutoka kwa mwizi mwenyewe.

Mnalijua gari langu, lile jekundu la milango miwili nililojinunulia nilipofikisha miaka hamsini, ambalo dada yangu aliniuliza kama limekuja pamoja na mume kijana. Nalipenda kuliko inavyomfaa mwanamke mwenye shahada mbili kulipenda bati. Kasoro yake ilikuwa breki. Siku moja nilikuwa nikiteremka kutoka Molo nilikokwenda kumwona mama, na gunia lake la viazi nyuma ya viti (ndiyo, gari la michezo, na viazi, mama hajali gari limeundwa kwa kazi gani), nikakanyaga breki kwenye kona, kanyagio likazama laini kana kwamba nakanyaga mkate, huku harufu ya kuungua ikiingia dirishani. Nilisimama, ila mbele sana kuliko nilivyokusudia.

Fundi wangu, Oti, ambaye huniita mathe, yaani mama, akanipa dawa. "Mathe, tutoe hizi breki za mbele, tuweke za ile saluni kubwa, ile gari ya milango minne, ya kampuni hiyo hiyo. Diski ni kubwa, kalipa ni nene, na bolti zinaingia bila kuchomelea kitu. Utasimamisha hii gari na kidole cha mguu."

Ijumaa akazifunga gereji kwake, zikakaa kana kwamba zilizaliwa pale. Kisha akainua gurudumu alirudishe, likagoma. Kalipa, yaani ile mikono ya chuma inayoibana diski, ilikuwa nene mno, na rimu yangu ya inchi kumi na tano ikawa inaigonga, haiwezi kuipita.

"Hii inataka rimu ya kumi na saba," Oti akasema akijikuna kichwa. "Kama za hiyo saluni yenyewe. Nitakupatia Jumanne."

Jumanne! Na kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nimewaahidi wenzangu niliosoma nao chuoni chakula cha mchana Milimani, na tayari nilikuwa nimewasifia breki hizo kwa simu kana kwamba nimezibuni mimi. Hapo ndipo akili yangu yenye elimu ikakumbuka kwamba saluni kubwa ya aina hiyo hiyo iliegeshwa hatua chache kutoka mlangoni pangu. Ilikuwa ya jirani yangu, Bwana Rotich, aliyesema angekuwa Eldoret hadi Jumapili jioni, na aliyeniachia ufunguo niwe nikiiwasha injini kila asubuhi. Nilimpigia mara mbili, hakupatikana. Nikajiambia kwamba mtu anayekukabidhi injini yake hawezi kukunyima magurudumu mawili kwa saa chache.

Lazima niongeze (na mkicheka mcheke polepole) kwamba mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mtaa wetu nilikuwa mimi. Ni mimi niliyeandika, kwa Kiswahili kilichonyooka, kanuni iliyobandikwa getini: kila pikapu inayotoka ipekuliwe, na mlinzi ambaye kitu kitaibwa katika zamu yake aondoke siku hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi Oti akaja na pikapu. Tukaliinua gari la Bwana Rotich kwa jeki, tukatoa magurudumu mawili ya mbele, tukaliketisha juu ya mawe ya ujenzi, na magurudumu tukayafunika kwa gunia. (Kwa nini tuliyafunika, kama hatukuwa tunaiba? Swali hilo nimeshaulizwa.) Getini, Mwangi, mlinzi wetu, akazunguka nyuma ya pikapu, mkono tayari ukilielekea gunia lile.

"Huyu ni fundi wangu, Mwangi. Fungua tu."

"Sawa, madam chair."

Gereji Oti akayafunga magurudumu kwenye gari langu, na Milimani mambo yalikwenda vizuri mno. Baada ya chakula niliwapakia rafiki zangu mmoja mmoja, nikawazungusha chini ya miti ya mtaa ule, na kila nilipogusa breki abiria wangu alipiga yowe. Mmoja hereni yake ilimtoka. Simu ililia na kulia mkobani, nikaiacha, nikidhani ni kundi la mtaa na yale mambo yao ya taka na mbwa.

Saa kumi nikarudi nyumbani. Getini kulikuwa na umati. Nikakanyaga breki kwa nguvu za mazoea, zile za breki kuukuu, gari likasimama palepale kama limekuta ukuta, mkoba ukaruka hadi kwenye kioo, na pua ya gari ikabaki shibiri moja kutoka magotini pa Mama Sifa, anayekaa nyumba ya kwanza.

"Woi! Breki gani hizo!" akapiga kelele. Kisha, "Afadhali umekuja, chair. Tumeibiwa!"

Bwana Rotich alikuwa amerudi siku moja mapema. Alisimama pale, begi bado begani. "Wamechukua mbili tu," akaniambia kwa unyonge. "Sijui kwa nini mbili."

"Wezi wa siku hizi wanaiba nusu nusu," Mama Sifa akamfariji, "ndio usishtuke."

Kabla sijafungua kinywa, wakanisukuma mbele niongoze kikao. Nikasimama mbele ya gari langu, nimeitandaza sketi kadiri ilivyowezekana kuficha gurudumu la kulia. La kushoto nikamkabidhi Mungu. Mwangi akaletwa, kofia mkononi. Miaka tisa ametufungulia geti lile.

"Polisi wako njiani," mtu akasema. "Aseme alishirikiana na nani."

"Uliza, chair," Mama Sifa akahimiza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikauliza. Nikauliza kwa sauti ya mwenyekiti. "Mwangi, kuna pikapu iliyotoka leo bila kupekuliwa?"

Akanitazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

"Iko moja," akasema. "Sikuangalia. Ni makosa yangu."

"Ya nani? Sema ya nani!" umati ukadai.

Akaitazama kofia yake.

"Si sheria iko hapo getini?" sauti ya nyuma ikasema. "Aende leo leo."

"Ilikuwa yangu," nikasema. Hakuna aliyeelewa, nikalazimika kurudia. "Pikapu ilikuwa ya fundi wangu, mimi nilikuwa ndani, mimi nilimwambia Mwangi afungue. Magurudumu ni haya." Nikaisogeza sketi.

Mama Sifa akapiga makofi. "Haiya! Kumbe tumempa mwizi mkutano auongoze!"

Bwana Rotich akachuchumaa, akaipapasa rimu yake, akachungulia katikati ya vyuma vyake kwa muda mrefu.

"Hizi si breki za gari yangu?"

"Za gari kama lako," nikajibu haraka. "Zako ziko salama."

"Hebu nikaangalie," akasema, akaondoka, na umati wote ukamfuata kuhakikisha.

Polisi waliambiwa wasije. Oti akaja akarudisha magurudumu kwa mwenyewe mbele ya watu, na gari langu likabaki juu ya mawe palepale getini hadi Jumanne, na breki bora Nakuru nzima, likiwa haliendi popote. "Madam, hizo breki zimeshika kabisa!" waliniambia wapita njia. Uenyekiti niliuacha jioni hiyo hiyo, na hakuna aliyenisihi nifikirie upya. Niliomba jambo moja tu, kwamba ile kanuni ya kumfukuza mlinzi siku hiyo hiyo ing'olewe getini, nayo ikang'olewa.

Jumatatu nilimwendea Mwangi kumwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Madam," akasema, "mimi, Mwangi, niseme chair ameiba magurudumu? Nani hapo angeniamini?"

Nilichoweza ni kuapa. Siku hizi nikihitaji kitu cha mtu naomba kwanza, hata kama ni chumvi, na asipopatikana kwa simu, napika bila chumvi.