Si Dawa, ni Vidonge vya Nywele

Wifi yangu anauza nywele Kariakoo. Duka lake liko chini ya ghorofa lililojengwa mahali palipokuwa na nyumba ya kawaida yenye baraza, na nilipokuwa binti tulikaa kwenye baraza hilo kila mchana tukisukana bure. Sasa pana vioo, vigae na fremu nyembamba, kila fremu na spika yake inayoshindana kelele na ya jirani. Wifi anaita maendeleo. Mimi naita banda la kuku lililopigwa rangi, na nimeshamwambia hivyo, ndiyo maana tunapendana kwa mbali.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza kwamba nanyonyoka. Alinivuta mtandio mbele ya wateja wake wawili.

"Wifi, kichwa gani hiki? Kama zulia lililoliwa na mende."

"Ni tezi," nikamwambia.

"Tezi si ugonjwa wa wazee wa kiume?"

Wateja wakacheka, na yeye akafurahi kuwachekesha. Nimeishi mjini hapa muda wa kutosha kujua kwamba ukimweleza mtu ugonjwa asioujua, atakutafutia wa kwake anaoujua. Jirani zangu wa mtaa wa Gerezani waliponiona nachoka bila kazi walisema nimetupiwa kitu. Wengine walisema ni uvivu wa mwanamke asiye na mume. Hakuna hata mmoja aliyesema hajui.

Ugonjwa wenyewe hauna siri. Kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imeamua kwamba tezi ya shingoni ni adui, na inaitafuna polepole. Tezi hiyo ndiyo inayowasha moto wa mwili. Ikichoka, unasikia baridi, unalala mchana, uso unavimba, nywele zinadondoka. Siku ya kwanza niliyoambiwa nina huo ugonjwa nilifundishwa pia kusoma karatasi ya majibu, na nilielewa, maana nilimaliza kidato cha nne na somo lenyewe ni jepesi. Kuna mstari wa TSH, hiyo ni sauti ya ubongo unaoiamuru tezi ifanye kazi. Kuna mstari wa T4, hicho ndicho tezi ilichotoa. Tezi ikilala, ubongo unapaza sauti: TSH inapanda, T4 inashuka. Tezi ikikimbia kupita kiasi, ubongo unanyamaza na mistari inageuka. Pembeni wanachapa mishale, wa juu na wa chini, kwa faida ya wasiotaka kusoma.

Nikaandikiwa kidonge, kimoja kila alfajiri kwa maji matupu, chai baadaye. Nilikimeza kwa uaminifu, na miezi ilivyopita nikaanza kujisikia mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuota barabara tena. Tangu usichana sijawahi kukaa chumba kimoja mwaka mzima. Nimeleta vitenge kutoka Tunduma, mchele kutoka Kyela, dagaa kutoka Kigoma. Nimelala kwenye magunia stesheni ambazo leo zimeota nyasi, na kama kuna watu duniani ninaowakumbuka kwa mapenzi ni akina mama wa stesheni zile, waliouza uji dirishani na kukuita mwanangu hata kama mnalingana umri. Kariakoo ya sasa inakuita "bosi" na inakuuzia kitu kibovu.

Lakini nywele zilichelewa kurudi, na wifi hakuweza kuvumilia. Akanipa kopo lenye picha ya mzungu mwenye nywele hadi kiunoni. Vitamini ya nywele, ngozi na kucha. Viwili asubuhi, viwili jioni.

"Mimi nina dawa yangu tayari," nikamwambia.

"Hii si dawa. Ni chakula cha nywele. Wanawake wote wa mjini wanakula hiki, wewe tu ndiye mshamba."

Nikala chakula cha nywele.

Nilipokwenda kupima tena, mishale ilikuwa imegeuka. TSH iko chini kabisa, T4 iko juu. Daktari alikuwa kijana mwenye saa kubwa na sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Alizungumza na kompyuta.

"Dawa imekuzidia, mama. Tezi inakimbia. Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana."

Nisingejibu vingine, na sijui mtu wa Kariakoo ambaye angejibu vingine. Dawa ni kile unachonunua duka la dawa ukiwa na huzuni. Kinachotoka duka la vipodozi, kati ya wigi na rangi ya kucha, hakina jina hilo.

Akaniambia niache kidonge changu cha alfajiri. Nikaacha. Baada ya wiki kadhaa mwili wangu ulirudi kule nilikotoka, na zaidi. Sauti ikawa nzito kama ya mlevi. Kope zikavimba. Jua la Dar es Salaam linayeyusha lami, mimi nimevaa sweta, na vijana wa mizigo pale mtaani wakanipa jina la mji wa baridi.

"Mama Njombe, vipi, barafu imeanguka?"

Nikawapita. Mtu anayebeba mabegi ya watu wengine kutwa nzima na bado akabaki na nguvu za kumcheka mgonjwa, huyo ana afya ya kupoteza.

Nikapima mara ya pili. Mishale ile ile, tezi inakimbia. Kijana wa saa akaongeza kipimo kingine cha kinga, nacho kikatoka juu.

"Sasa si dawa tena, maana uliiacha," akasema. "Ni tezi yenyewe. Ugonjwa umebadilika."

"Daktari, nasikia baridi."

"Vipimo havionyeshi baridi, mama."

"Nalala nimekaa."

"Inatokea."

Akanieleza kwamba kuna dawa ya mionzi. Unainywa mara moja, inaiua tezi, mambo yanakwisha. Alilisema kama mtu anayekushauri ung'oe jino. Hakuona haja ya kunyanyuka, kunishika mkono, kunitazama miguu iliyovimba chini ya meza yake. Karatasi ilikuwa imeshamwambia kila kitu, na mimi nilikuwa pale kama kosa la uchapaji. Akaniandikia rufaa.

Sikulala vizuri kwa kulifikiria hilo. Tezi yangu ni mbovu, nakubali, lakini ilikuwa bado inajitahidi, na ukishaiua hairudi. Nyumbani nilimweleza kaka yangu. Akasema daktari amesoma, wewe umesoma nini? Wifi, aliyekuwa akimpakulia wali, akasema angalau nywele zitaota.

Hospitali niliyopelekwa daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye kikohozi na uchovu wa mtu aliyeona wagonjwa wengi kabla ya saa nne. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla ya kuomba karatasi akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Wamesema tezi inakimbia?"

"Ndiyo."

"Mbona moyo unatembea kama umetoka msibani?"

Akaomba majibu ya nyuma. Yalikuwa chini ya mkoba, kwa hiyo nikaanza kutoa vitu na kuviweka mezani kwake: mtandio wa akiba, chupa ya maji, kitana, kopo la nywele. Kopo likalia kama kayamba.

"Hiyo nini?"

"Hiyo si dawa, daktari. Ya nywele."

Akalichukua, akalisogeza karibu na macho, akaligeuza nyuma palipoandikwa kwa herufi za siafu. Kisha akakohoa kwa muda, na nikatambua kwamba katikati ya kukohoa alikuwa anacheka.

"Unakula vingapi?"

"Vinne kwa siku."

"Mashine nyingi za maabara zinatumia vitamini hii hii kama gundi wakati wa kupima tezi. Ikijaa kwenye damu yako, mashine inachanganyikiwa. TSH inaisoma chini, T4 inaisoma juu, na kile kipimo cha kinga nacho kinaweza kudanganya. Mwili hauna habari, ni mashine tu."

"Kwa hiyo tezi haikimbii?"

"Mimi sijui bado. Wewe unasemaje?"

Tangu niugue, hilo swali sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia nasikia baridi.

"Basi acha haya mambo wiki nzima, urudi tutoe damu upya. Mionzi hatunywi leo."

Wiki hiyo niliiishi nikiwa na sweta na hasira. Niliporudi, karatasi ilikuwa ile ile, mistari ile ile, na mishale imegeuka kwa mara ya mwisho: TSH imepanda mbali kabisa, T4 imelala chini. Ubongo wangu ulikuwa umepiga kelele miezi yote ile na mashine ikaandika kimya. Nikaandikiwa tena kidonge changu cha alfajiri, na tarehe ya kurudi.

Nilipopata nguvu ya kupita Kariakoo kwa miguu, nilimrudishia wifi kopo lake. Alikuwa na mteja, binti wa ofisini mwenye kucha ndefu, ameshika kopo kama lile na anasoma picha.

"Nimekurudishia," nikamwambia wifi. "Nusura niuliwe tezi kwa sababu ya hiki."

"Hukumaliza dozi, ndiyo maana."

"Si ulisema si dawa?"

"Wifi, usinifukuzie wateja."

Nikamgeukia binti. "Ukienda kupima tezi, ukae wiki bila hivi, na umwambie daktari unavitumia."

"Mimi sina tezi, dada," akasema, na akatoa simu alipie.

Kila mtu anayo. Niliona nimweleze, kisha nikaona anavyonitazama kichwani, pale nywele zilipokuwa zimeanza kuchipua fupi fupi kama za kifaranga, na nikamwachia ujinga wake, umempendeza.

Wifi akalitikisa kopo langu asikie vimebaki vingapi, akaliweka chini ya kaunta pamoja na mengine. Sikumuuliza atampa nani. Nikatoka. Pale kwenye kona vijana wa mizigo walikuwepo.

"Mama Njombe, sweta limekwenda wapi?"

Nilikuwa navuja jasho, mgongoni, shingoni, hadi kwenye nyusi, na mtandio wa kujifutia nilikuwa nao mkobani. Nikauacha humo humo, nikashika njia ya stesheni kuulizia treni ya Kigoma.