Jiko la Mama na Mapacha

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mabaharia walimwita Mama Mwiko, na majirani wakafuata. Ujana wake ulikuwa umeishia katika majiko ya boti za matajiri, majiko membamba kama kabati, ambamo alijifunza kukata vitunguu huku sakafu ikimkimbia.

Alikuwa na tabia moja. Akishaonja chakula na kuridhika, aligonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria kabla ya kuuweka chini. Ko, ko. Tabia hiyo haikuongeza ladha wala kupunguza chumvi. Ilianza siku dada yake alipofariki na kumwachia binti mdogo aliyesusa kula. Mlio ule ndio uliokuja kuwa wito wao. Popote mtoto alipokuwa amejilaza akichora, aliusikia, akatupa penseli na kuja mezani.

Mtoto akakua, penseli hakuiacha. Akawa mbunifu wa boti. Siku moja alimjia mama yake mdogo na picha kwenye kompyuta: chombo cha kifahari ambacho ungedhani kimetua kutoka mawinguni. Kilikuwa na mwili mmoja mrefu katikati, na miwili myembamba pembeni iliyoshikwa kwa mbawa pana, na juu ya mbawa zimetandazwa sola. Kule karakana walikuwa wameshakibatiza Mama na Mapacha.

"Kinapendeza," Mama Mwiko alisema. "Lakini kinalala wapi? Kwa upana huu si kitafukuza wenzake wote gatini?"

"Mapacha wanajikunja, Mama mdogo. Kikikaribia gati, wanarudi ubavuni kwa mama yao."

"Kama mtoto akishikwa na usingizi."

Binti alicheka. "Shida yangu ni jiko. Nisaidie hapo. Chombo kikishuka majini, jiko ni lako. Sitaki mpishi mwingine."

Mama Mwiko aliitazama tena ile picha. Manahodha walikuwa wameanza kumtazama magoti badala ya uso, na msimu uliopita hakuna hata mmoja aliyemwita kazini. Alikuwa amekwisha kujizoeza kusema kwamba nchi kavu nako kuna hewa. Sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa anamrudishia bahari.

Karakana walimjengea jiko la mbao, saizi ileile ya lile litakalokuwa chomboni, wakaliweka juu ya mtambo wa kulitikisa. Kila asubuhi alivaa glavu zilizoshonewa nyaya nyembamba, akapika.

"Za nini hizi?" aliuliza siku ya kwanza.

"Tunapima mkono wako unafika wapi," binti alimjibu, akimfunga glavu kwenye kifundo cha mkono taratibu. "Jiko nataka likukae kama gauni la kushonesha."

Akaridhika. Akawapa yote. Akawaeleza kwamba boti ya mwili mmoja huinama polepole, na mpishi huinama nayo. Lakini hii ya miili mitatu hailali upande, hushtuka. Sufuria haitelezi, inaruka. Kwa hiyo kisu kiwekwe hivi, mchuzi umiminwe hivi, mkono usubiri mshtuko upite. Seremala aliyelijenga jiko lile alikuwa mwonjaji wake wa kujitolea.

"Mama Mwiko, ukishakuwa wa matajiri utatukumbuka kweli?"

"Nitawakumbuka. Nyinyi ndio mlionimalizia mkate."

Siku ya kuzindua, alifika gatini na mkoba wake. Ndani alikuwa amekunja aproni mpya, na mwiko wake wa zamani ameuviringisha kwenye taulo. Binti alimpokea mlangoni, akauona mkoba, akatazama pembeni.

"Leo wewe ni mgeni, Mama mdogo. Njoo ukae."

Akakaa na wageni kwenye kiti cheupe ambacho hakujua aegemee wapi. Mwenye chombo, mteja aliyekiagiza, akabonyeza kitufe, na ukuta wa kioo ukafunguka. Jiko lilikuwa lilelile, kila kitu mahali alipopachagua yeye. Ila hapakuwa na mahali pa kusimama mtu. Juu ya meko ilining'inia mikono miwili ya chuma, ikikata vitunguu kwa namna ya Mama Mwiko, ikisubiri kama alivyosubiri yeye ndani ya zile glavu. Wageni wakapiga makofi. Mkono wa kulia ukakoroga supu, ukainua mwiko, ukaugonga ukingoni.

Ko, ko.

Binti alikuwa katikati ya maneno na mwenye chombo. Kichwa chake kikageukia jikoni chenyewe, kama zamani. Kisha polepole akamtazama mama yake mdogo.

Mama Mwiko alikuwa ameshanyanyuka. Binti akamfuata hadi kwenye ubawa, mahali pa kushukia.

"Mteja alitaka hivyo tangu mwanzo," alisema. "Nilitafuta namna ya kukuambia."

"Tangu mwanzo."

"Ungekataa, Mama mdogo."

"Ningekataa. Ndiyo sababu watu huulizwa."

"Ule mlio ningeweza kuufuta. Niliuacha kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," Mama Mwiko alirudia, kama anayeonja kitu kilichoharibika na bado hataki kuamini. "Ulikuwa wako, mwanangu. Mimi nilikuwa naugonga tu."

Akashuka.

Nyumbani alivua viatu vya sherehe, akabandika supu, maana njaa haijui aibu ya mtu. Ilipoiva akaonja. Ilikuwa nzuri. Mkono ukapeleka mwiko ukingoni, kwa mazoea, ukasimama hapo. Chuma kule gatini kilikuwa labda kikigonga saa hiyohiyo, kikiwaita watu ambao hakuwalea.

Akaulaza mwiko kwenye sahani taratibu, usitoe sauti, akavuta kiti akala.