Labania ya Tasbihi Tisa

Nyumba yetu iko Firq, pembezoni mwa mji wa Nizwa, Omani, upande ambao mchana kutwa unasikia magereji yakigonga mabati. Nilistaafu kazi ya serikali, kazi ya barabara, na mpaka leo sijaacha tabia ya kutazama saa na kupima kila kitu. Mke wangu alikuwa akinicheka, akisema mimi hata chai naipima kwa rula. Alifariki wiki mbili baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, na Ramadhani iliyofuata nikaifunga peke yangu.

Labania wengi wanaijua: maziwa na sukari vinavyokorogwa motoni mpaka vikashikana, vikamwagwa kwenye sinia na kukatwa vipande. Ya mke wangu ilikuwa na mambo yake. Binti yetu anaishi Kanada, na kila akija likizo alikuwa akituletea asali ya mti. Si asali ya nyuki. Ni maji ya ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera yao, yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mke wangu akaitia badala ya sukari, pamoja na maziwa mazito ya kopo, samli, iliki na lozi za kukaanga alizozikata kwa kisu moja moja. Siku ya Idi nyumba zote za jirani wageni huwekewa halwa. Kwetu watu walikuwa wakiuliza labania hata hawajakaa vizuri.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani binti yangu alinipigia simu. Katikati ya mazungumzo akasema mwaka huu hakutuma asali, maana nani atapika. Hakukusudia ubaya, na alichosema ni kweli tupu. Lakini maneno yale yalinichoma. Nilimwambia nitapika mimi. Akaniuliza kama nimemeza dawa zangu.

Hapo ndipo jambo lile lilipokuwa kubwa kwangu. Nilijiona Idi asubuhi nimekaa majilisi na sahani ya halwa ya kununua mbele yangu, wageni wakila kwa adabu bila kuuliza kitu. Ile ingekuwa nyumba ya mtu aliyebaki tu. Sikutaka. Nilitaka watu waingie waikute labania mezani, na kwa saa moja ile nyumba iwe bado ni ya kwake.

Kabatini ilibaki chupa moja. Mke wangu alikuwa ameichora mistari mitatu kwa kalamu, kila mstari ni sinia moja, kwa hiyo nilikuwa na nafasi tatu. Maelezo yenyewe aliyabandika ndani ya mlango wa kabati, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa udogoni Unguja. Makopo mawili ya maziwa, samli vijiko vitatu, asali mstari mmoja. Mwisho aliandika: koroga tasbihi tisa, moto mdogo.

Hilo halikunishangaza. Mwiko mkono wa kulia, tasbihi mkono wa kushoto, ndivyo alivyokuwa akipika. Mimi jikoni sikuwa naingia, ila sauti yake ya chini kwa chini nilikuwa naisikia tangu majilisi. Nikiona Magharibi inakaribia na bado anakoroga, nilikuwa nikipaza sauti, "Bado tu?" Naye kila mwaka jibu lake moja, "Imebaki moja tu." Na hiyo moja ilikuwa haishi. Nilikuwa nikiwaambia watu kwa kumtania kwamba mke wangu kuhesabu hajui.

Nilianza siku ya ishirini na saba, baada ya Alasiri. Nimefunga, kwa hiyo kuonja hakuna, na nikafahamu kwa nini kipimo kiliwekwa kwenye tasbihi na si kwenye ulimi. Tasbihi yake ina chembe thelathini na tatu. Nilizipitisha zote mara tisa, sikuruka hata moja, nikatazama saa: dakika sita na kitu. Nikaipua, nikamwaga kwenye sinia iliyopakwa samli, nikangoja. Baada ya kufuturu nilitia kisu, kikazama kama kwenye uji wa mtama. Usiku ule nilikula labania kwa kijiko, nimesimama, taa ya jikoni ikiniwakia mimi mmoja.

Mtu wa vipimo akikosea hajilaumu mwenyewe kwanza, hulaumu mtambo. Niliamua jiko lina hitilafu. Kesho yake nikalipakia garini nikalipeleka kwa fundi kule kwenye magereji. Fundi akalifungua, akazibua vitundu vya gesi kwa sindano, akaniambia jiko langu ni zima kuliko gari nililolileta nalo.

Nikarudi nalo nyumbani, na kwa ukaidi wangu nikaongeza moto. Aliandika moto mdogo, mimi nikauona udogo ule ndio makosa. Kwenye tasbihi ya tano ilianza kunukia moshi. Ya saba ikawa imeshika chini, nyeusi, na lozi zimekuwa mkaa. Nikaitia sufuria maji, nikawa naikwangua, na katika kuikwangua nikajikuta nalia. Siku ya maziko sikulia namna ile, watu walikuwa wengi na kila mtu ananishika mkono. Sasa hakukuwa na wa kunishika, na mimi nalilia sufuria.

Ulibaki mstari mmoja na siku moja.

Nikampigia shemegi yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeolewa Sur. Zamani alikuwa akija kwetu kila Idi kumsaidia dada yake kukata. Aliniamkia, akaniuliza saumu inakwendaje, nami nikamweleza yote, la uji na la mkaa. La fundi likamchekesha sana. Kisha akaniuliza nasoma tasbihi vipi. Nikamwambia kama watu wote wanavyosoma, mara tisa mfululizo, dakika sita.

"Mfululizo?" akasema. "Laa, shemegi. Mama yetu hakupika hivyo, wala dada hakupika hivyo. Unamaliza moja, unamwombea mtu. Unatulia naye mpaka umalize haja zake. Halafu ndiyo unaanza nyingine."

Nilimwuliza watu gani. Akanitajia taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Mama yao na baba yao. Kaka yao aliyebaki Pemba. Yeye mwenyewe shemegi. Kisha watoto wetu: kijana wetu wa Maskati, binti aliyeolewa Samail, binti wa Kanada, na yule mchanga aliyeishi siku saba, ambaye mimi kwa miaka yote sikuwa nikimtaja kwa mtu.

Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Nikamwambia hao ni wanane.

"Wa tisa ni wewe," akasema. "Wallahi hiyo yako ndiyo ilikuwa ikituchelewesha. Mimi nikimwambia dada, itaungua hiyo. Ananiambia niache, huyu ana mengi."

Nilimshukuru, nikamwomba radhi kwa kumsumbua, nikakata simu. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni kwa muda mrefu. Nilikuwa nawaza ule ukelele wangu wa kila mwaka. Bado tu? Miaka yote ile, saa ya kuharakishwa ilikuwa saa yangu mwenyewe. Sikujua kwamba jikoni mwangu nilikuwa na zamu yangu, na kwamba nilikuwa wa mwisho kwa sababu alitaka asikatizwe. Nimekuja kujua sasa, wakati mtu wa kunipa zamu hiyo hayupo. Nilihisi upweke ambao miezi yote ile sikuwa nimeuhisi, na kabla ya hapo nilidhani nimekwisha kuuzoea.

Siku ya mwisho ya Ramadhani nikaingia jikoni mapema baada ya Alasiri. Nikageuza chupa kichwa chini nikaisubiri itoe mpaka tone la mwisho. Moto mdogo, safari hii bila ubishi.

Nilianza na mama mkwe wangu, ambaye nilikuwa namwogopa, na mwanzoni sikujua cha kumwombea. Nikamwombea rehema, nikamwomba na msamaha kwa kumchukua mwanawe mbali naye. Baba mkwe akawa rahisi zaidi. Kaka wa Pemba nilimwombea macho, maana nasikia hayaoni vizuri. Shemegi nikamwombea kila kheri, alistahili. Nilipofika kwa kijana wangu wa Maskati nilishangaa nilivyokuwa na mengi, mimi ambaye nikizungumza naye kwenye simu tunamaliza kwa dakika mbili. Kwa yule mchanga mkono ulisimama, nikaukemea uendelee, kwani labania ikiachwa hushika. Mkono wa mzee unauma kwa kukoroga. Hilo pia sikuwa nalijua.

Nilipomaliza wanane, labania ilikuwa imeanza kuachana na kuta za sufuria. Nikatazama saa kwa mazoea: dakika ishirini na tatu. Ilibaki zamu yangu. Kujiombea mwenyewe kwa tasbihi yake nilitahayari, nikaona ni kama kukaa mahala pa mtu. Nikamweka yeye. Nikapitisha chembe thelathini na tatu, polepole, kisha nikaanza kumzungumzia kwa Mola wake. Nilimweleza alivyokuwa. Nilimweleza na ya jiko, na ya karatasi kabatini, na kwamba nilimharakisha sana. Nilikuwa na mengi. Mwiko ukawa mzito mkononi na mimi bado nasema, na nilipoipua jua lilikuwa limeshateremka ukutani.

Idi asubuhi sahani ilikuwa mezani. Kijana wangu alifika kutoka Maskati na watoto wake, akaiona akasimama mlangoni. Majirani wakaja, wakauliza labania hata hawajakaa vizuri, nami nikawasogezea. Kuikata nilikuwa nimetumia kisu cha nyama na kukigonga kwa mchi, na vipande vilikuwa havina umbo. Mzee mmoja akatafuna upande mmoja, akahamishia upande wa pili, akasema utamu ni ule ule, ila mwaka huu imekuwa ngumu.

Nikawaambia nilichelewa kuipua. Ilikuwa imebaki moja tu.