Mjerumani, Mrusi na Jumuiya Yetu ya Lizaboni

Mimi ni Mhehe, na jirani yangu wa Lizaboni, hapa Songea, ni Mngoni, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujazaliwa. Kwa utani huo aliwahi kusema mbele ya mama mkwe wangu kwamba kwetu mbwa hafi kwa uzee, nami nikamjibu kwamba kwao panya hafikii utu uzima. Tulicheka wote, mama mkwe akacheka kuliko sisi, chai ikaendelea. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba sisi si watu wa kununa ovyo. Kilichotununisha ni konserto ya fidla.

Wote wawili tulipita seminari tukatoka bila upadre. Yeye akawa mwalimu wa shule ya msingi na mpiga kinanda wa kanisani kwetu. Mimi nikawa afisa kilimo, nikahamishiwa Songea kuwahimiza watu wapande mahindi kwa mistari, jambo ambalo walikuwa wakilifanya vizuri kabla sijafika. Lakini seminari zilituachia ugonjwa mmoja. Kwao na kwetu kulikuwa na padre Mzungu mwenye santuri, na Jumapili mchana, tukiwa tumeshiba makande, alitupigia muziki wa okestra hadi jua lipungue. Upadre ulitupita, santuri zikabaki kichwani.

Siku hizi santuri zote zimo kwenye simu. Kila Jumamosi alasiri mtani alitoa spika ndogo barazani kwake, mimi nikaleta karanga, tukasikiliza na kubishana. Tulianza na simfoni. Tukabishana juu ya iliyo bora kuliko zote msimu mzima wa mvua, tukatoka sare kwa kuchoka. Ndipo tukaingia kwenye konserto. Kwa asiyeijua, konserto ni kazi ndefu ambamo mtu mmoja mwenye fidla anajibizana na okestra nzima. Mara nyingi ina sehemu tatu, na kati ya sehemu na sehemu huwa kuna kimya kidogo.

Majina ya watunzi tulikuwa tumeacha kuyataja, maana kila mmoja aliyatamka kama padre wake alivyoyatamka na kumcheka mwenzake. Tukawaita kwa nchi zao. Wangu alikuwa Mjerumani. Wake alikuwa Mrusi.

"Mjerumani aliwanyonga babu zangu hapa hapa mjini," mtani alikuwa akisema. "Na nyie Wahehe akawapiga mizinga. Leo unataka nimpe na kombe?"

"Huyu hakuja huku. Alikaa kwao akitunga."

"Ndugu zake walikuja."

Hayo niliyavumilia, ni utani. Siku mambo yalipoharibika, mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, binti tuliyemsubiri mpaka watu wakaacha kutuuliza. Nilikuwa nimeshamwomba mtani awe msimamizi wake wa ubatizo, naye alikuwa amekubali huku akifuta miwani. Labda furaha ilinilegeza ulimi. Nikasema konserto ya Mrusi ni muziki wa watu wanaolia kwenye harusi zisizowahusu. Sasa, mtani hupiga kinanda kwenye harusi zote za kanisani kwetu, na hulia kwenye zote.

Akaweka kikombe chini. "Na wewe hiyo ya Mjerumani hujawahi kuisikia," akasema. "Sehemu ya pili ikianza unalala. Kila Jumamosi, mtani. Mdomo wazi."

Niliondoka na karanga zangu.

Tukaacha kusalimiana. Kwenye sala za jumuiya yetu ndogo ya kanisa hapa mtaani, wakati wa kupeana amani, alimpa mkono kila mtu akaniruka kama dimbwi. Mimi nikajifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni mama mjane anayeuza mbegu sokoni, mtu ambaye hata mimi Bwana Shamba namwamkia shikamoo na kumwomba ushauri wa maharage. Aliona yote. Nilipokwenda kumwomba amthibitishe mtoto kwa padre ili abatizwe, alikataa. Alisema hawezi kumpeleka malaika kanisani mikononi mwa msimamizi asiyesalimiana na baba yake. Nikasema basi nitatafuta msimamizi mwingine. Akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Nyumbani mke wangu hakupandisha sauti. "Mtoto wangu akikosa ubatizo kwa sababu ya fidla," alisema, "utahamia huko kwa Mjerumani."

Jumamosi iliyofuata tukasimamishwa mbele ya jumuiya, nyumbani kwangu mwenyewe.

"Mnagombea nini?" mwenyekiti aliuliza. "Mpaka wa kiwanja?"

"Hapana, mama."

"Mwanamke?"

Mke wangu akanitazama.

"Konserto ya fidla, mama," mtani akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu.

Watu wakatazamana. Mwenyekiti hakucheka. "Basi ziletwe tuzisikie," alisema.

Tukaziweka zote mbili, kwanza Mjerumani, kisha Mrusi. Akina mama walikuwa wamekuja na maharage ya kupukuchua, na hilo liliwaokoa. Mjerumani alipomaliza sehemu ya kwanza na kimya kikaingia, jumuiya nzima ilipiga makofi, na mzee mmoja akasimama kuanzisha sala ya kufunga.

"Bado sehemu mbili," mtani akasema kwa upole.

Mzee akakaa taratibu. Mrusi alipofika sehemu ya pili chai ilikuwa imekwisha. Alipomaliza kabisa, makofi yalikuwa marefu, na nadhani nusu yake yalikuwa ya shukrani kwamba hakuna wa tatu.

"Nimesikiliza," mwenyekiti alisema. "Humo ndani sijaona mwenye kosa. Wenye kosa wako hapa nje. Sasa Bwana Shamba atamtetea Mrusi, na Mwalimu atamtetea Mjerumani. Nisiporidhika tunarudia zote mbili."

Maharage yalikuwa yamebaki machache. Watu wakanitazama kwa macho ya kusihi.

Nikasema Mrusi ana nguvu. Mwenyekiti akasema hata trekta lina nguvu. Nikasema basi kuna mahali ambapo okestra yote inanyamaza na fidla inabaki peke yake, na hapo mtani wangu huinuka na kuanza kupangusa meza isiyo na vumbi, huku amenipa mgongo. Nimeona mambo hayo Jumamosi nyingi. Nikasema muziki unaomfanya mwanamume mzima apanguse meza safi si muziki wa mchezo. Niliyasema kwa hasira, lakini nilipomaliza niligundua kuwa nayaamini.

Zamu yake ikafika. 

"Sehemu ya pili ya Mjerumani ni ya polepole," alisema. "Hapo mtani hufumba macho na mdomo unafunguka. Mimi nilisema analala. Nilimsingizia. Mtu aliyelala hachezeshi kidole gumba cha mguu. Huyu chake cha mguu wa kushoto kinakwenda na mapigo toka mwanzo mpaka mwisho, na hakijawahi kukosea. Hata kinanda changu hukosea. Muziki unaoweza kumshika mtu hivyo hadi vidoleni, mimi ni nani niupinge?"

Nikatazama mguu wangu. Muda wote huo sikujua. Mke wangu akainuka kwenda kuchemsha chai nyingine. Mwenyekiti akasema inatosha, tupeane amani. Mtani akanishika mkono kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Jumapili ya ubatizo binti yangu alipiga kelele tangu mlangoni. Maji yalipomgusa kichwani alilia mpaka padre akasimama kungoja. Mama yake akambembeleza, mimi nikambembeleza, haikusaidia. Mtani akamchukua, akamweka begani, akaanza kumwimbia kwa pua, bila maneno. Nikatega sikio. Nilikuwa na uhakika ni Mrusi, na nilikuwa tayari kumsamehe.

Ilikuwa sehemu ya pili ya Mjerumani.

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kisha kimya. Padre akaendelea. Mtani akaniinamia sikioni.

"Si nilikwambia?" akanong'ona. "Konserto yako ni ya kulalia."

Nikafunua ncha ya shali nikatazama kidole gumba cha mguu wa binti yangu. Kilikuwa kimetulia kabisa. Alikuwa amelala fofofo.

Nikamfunika upesi. "Kinacheza, mtani," nikamwambia.