Kijapani Nilichojifunza Kwenye Gemu

Hadi leo nikipita karibu na geti la bandari ya Kilindini huangalia upande wa pili, na si kwa vumbi la malori, ni haya tupu. Chekeni tu, nimeshazoea.

Yote yalianza barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, mwishomwisho wa miaka ya tisini, siku jirani yangu Abdalla alipoleta mashine mpya ya gemu za diski, zile ambazo watu wake wanazungumza kwa sauti na picha zake ni kama sinema, akaanza kuidharau kaseti yangu ya gemu ya zamani. Sasa kaseti hiyo, jamani, ilikuwa ya Kijapani, niliipata kwa baharia mmoja, na ndani yake wewe ni shujaa unayezunguka mji hadi mji ukiingia kwa watu na kuongea nao, ila maongezi yenyewe ni maandishi tu chini ya kioo na mlio wa pi-pi-pi, sauti unajitilia mwenyewe kichwani (na huo ndio utamu wake, sibishani na mtu). Niliicheza miaka, hata ile michoro ya maandishi ya Kijapani nikaijua kwa sura: huu ni kupigana, huu ni kukimbia, huu ni kulala.

"Gemu yako yakufunza nini?" nikamwambia Abdalla. "Yangu imenifunza Kijapani!"

Kumbe nyuma yangu amesimama Bwana Shee, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambaye wazee wangu walikuwa wamempelekea posa yangu ya kumtaka binti yake, Nuru, na jibu bado hajalitoa.

"Kijana, wajua Kijapani kweli?"

Ningesema "natania, ami" mambo yangekwisha pale pale. Mimi nikasema, "Kidogo, ami."

"Basi kesho n'na mgeni wangu Mjapani bandarini, Kiingereza chake cha kuokoteza. Ndoo umkaribishe kwa lugha yake. Sitaki mengi, karibu moja tu."

Kesho yake nikavaa kanzu nyeupe pe, mamangu ameipiga pasi mara mbili, nikaenda. Mgeni mwenyewe mtu wa makamo, mpole, akainama, akaniporomoshea Kijapani mpaka basi. Bwana Shee ananitazama, karani ananitazama, makuli wameacha mizigo wananitazama, na mimi ndio kwanza nagundua kwamba tangu kuzaliwa sijapata kusikia neno hata moja la Kijapani likitamkwa! (Ingekuwa ile gemu ya Abdalla yenye sauti, angalau ningejua salamu.)

Nikaona bora niandike. Nikachukua chaki ya karani, nikaenda kwenye kontena la Bwana Shee, nikachora mlangoni maneno ambayo yule mwenye duka la mapanga kwenye gemu hunitolea kila nikiingia kwake, kabla ya jingine lolote. Nilikuwa na hakika ni "karibu". Mtu akiingia kwako utaanza na nini kingine?

Mgeni akasoma, akacheka, kisha akamfasiria kwa Kiingereza afisa wa forodha aliyekuwa kando: "Anasema hapa ni duka la silaha."

Afisa hakucheka. "Fungueni."

"Ami, ni makosa, nilitaka kusema karibu—"

"Nyamaza! Ushasema ya kutosha!"

Kontena zima likatolewa juani, vipuri vya magari, injini, giaboksi, kimoja kimoja, na kubeba nikabeba pamoja na makuli, hata ilipofika alasiri kanzu yangu ilikuwa kama kitambaa cha fundi gari. Mgeni naye, maskini, akawa ananiinamia kuniomba radhi kila nikimpita na giaboksi. Makuli wakanibandika jina la Duka la Silaha, na jina hilo likafika Kibokoni kabla yangu.

Nilijua posa imekufa, na wallahi niliumia. Baada ya siku chache Bwana Shee akaja kwetu, uso ameukunja, kahawa hakuigusa.

"Mimi ningekataa," akamwambia babangu. "Lakini Nuru tangu asikie habari hini acheka tu, hata kula hali. Asema mume mwengine hamtaki."

Basi tukaoana. Kaseti ile bado naiona bora kuliko diski zote za dunia (nikianza kusema hivyo Nuru hutoka chumbani). Ila siku hizi mtu akiniuliza najua lugha ngapi, humjibu moja tu, Kimvita, nacho mamangu bado hunisahihisha.