Kapata enzi za Zaïre: wivu ulinikalisha kwenye méditation, woga ukanitoa mbio na mtaa mzima

Wakuu, nawasalimu wote, mliokaa na mliolala mmeshika simu.

Ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Mke wangu yupo hai na anajua kusoma, nikiongeza chumvi atanisuta mbele ya wajukuu.

Juzi kijana mmoja ameanzisha uzi hapa. Anasema ameanza meditation, akikaa dakika kumi mikono inashika ganzi, moyo unakimbia, kichwa anahisi kinavimba. Ameogopa. Watu mmemjibu "majini hayo", wengine mmecheka.

Mi sijacheka. Kaeni niwape kisa.

Mimi ni mtu wa Kolwezi, Katanga. Nimeishi Kigoma miaka mingi, watoto wa hapa wamenirekebisha Kiswahili mpaka nimekoma. Ila maneno ya watu nitayaandika walivyoyasema, kile Kiswahili chetu cha kule. Mtavumilia.

Enzi hizo nchi inaitwa Zaïre, majina ya kizungu yamekatazwa, kila mtu ni citoyen, yaani raia. Nilikuwa nakaa Kapata, kwenye nyumba za kampuni ya mgodi. Nyumba zimepangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Jirani akikohoa, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Kazi yangu ilikuwa chini ya ardhi. Nilikuwa napigilia vyuma vinavyoshikilia paa la mgodi lisituangukie.

Sasa kuna mambo mawili mjue, bila hayo hamtanielewa.

La kwanza, sisi watu wa chini tulikuwa na mwiko. Mke hatamki neno la woga siku mume anaenda kazini. Akisema tu "naogopa", umekwisha. Nilimwona mwenzangu akirudi kutoka kwenye gari la kampuni na kuvua buti, kisa mke kasema anaogopa. Siku yake ikapotea hivyo hivyo. Mi wiki ile ile nilipooa nilimwambia wangu, "Habari ya woga sitaki kuisikia mu hii nyumba." Akaitika ndiyo, akanyamaza.

La pili ni gaz. Kapita wetu, yaani msimamizi, alitufundisha tukakariri: ukisikia midomo inawashawasha, vidole ganzi, kichwa chepesi, hiyo ni hewa mbaya. Usiulize. Toka, na umtoe mwenzako. Ukisikia mtu kapiga kelele ya gaz, usiulize vilevile.

Haya, tuje kwenye wivu.

Dispensaire ya pale, yaani zahanati, ilikuwa na infirmier mmoja, muuguzi, nitamwita Mbuyi. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Sauti ya chini. Anakusikiliza hadi mwisho ndipo anajibu. Nilimchukia tangu hapo, hata kabla ya sababu.

Mke wangu ni Ngalula. Mwanamke wa maneno machache, mzuri, tena mzuri kweli. Mtu ukiwa na mke mzuri na kazi yako iko chini ya ardhi masaa nane kila siku, kichwa kinakuwa na kazi ya pili. Unapigilia chuma, unajiuliza sasa hivi yuko wapi.

Nikaanza kuona vitu.

Kila Jumanne alikuwa anaenda dispensaire. Watoto hawaumwi. Yeye haumwi. Hata dawa hana. Anarudi uso umepoa.

Siku moja nimempigia mtoto kelele, mama yake kanitazama akasema, "Tata, sema polepole. Mbuyi haongee na makelele."

Mbuyi! Ndani ya nyumba yangu, juu ya bukari yangu, ugali wangu mwenyewe!

Sikula siku hiyo. Nilinawa mikono nikatoka nje, nikasimama tu kama mtu anayesubiri gari.

Halafu nikamkuta asubuhi jikoni. Mbabula, lile jiko la mkaa, haijawashwa, amekaa kwenye kigoda, macho amefunga, mikono juu ya magoti. Anatabasamu kidogo. Wakuu, nani anatabasamu peke yake jikoni?

"Unafanya nini?"

"Napumuzika."

Anapumzika! Mtu ameamka sasa hivi.

Nikaanza kupekua. Ndiyo, nilipekua, msinihukumu. Ndani ya mkebe wa chumvi nikakuta karatasi imekunjwa. Mwandiko naujua, ndio huo huo wa kwenye kadi za chanjo za watoto. Mbuyi. Imeandikwa hivi:

Kaa. Funga macho. Sikiliza pumuzi. Kila siku. Usikimbie.

Usikimbie! Asikimbie nini? Asimkimbie nani?

Mtu mwenye akili angeuliza. Mi nilirudisha karatasi pale pale na nikaapa kitu cha kijinga kabisa. Nikasema, kama ni huku kukaa ndiko kunakompa Mbuyi sauti ya chini na kumpa mke wangu tabasamu, basi nitakaa mimi, tena nitamzidi. Ngalula ataona utulivu wa mwanaume wa kweli.

Kwa hiyo wakuu, mimi niliingia méditation kama mtu anavyoingia kwenye mashindano ya ngumi.

Nilianza kwa siri chumbani, nikitoka kazini. Siku za kwanza ni mwasho wa mgongo na usingizi. Nikifunga macho namwona Mbuyi na lile shati lake. Nikivuta pumzi namwona Mbuyi. Nikaona dawa ni kuvuta kwa nguvu zaidi.

Ikafika Jumapili. Watu wametoka kanisani, mstari mzima uko ndani unakula. Ngalula na watoto wako sebuleni. Mi nikasema nimeshiba, nikachukua ile karatasi kwenye mkebe, nikajifungia chumbani, nikaitandika mbele yangu juu ya mkeka.

Nikakaa. Navuta pumzi kubwa, natoa. Kubwa, natoa. Nilitaka kumaliza pumzi zote za Mbuyi siku moja.

Baada ya muda midomo ikaanza kuwashawasha.

Nikajikaza. Vidole vikashika ganzi, halafu vikaanza kujikunja vyenyewe kama vya kuku. Moyo ukawa unagonga mpaka masikioni. Kichwa kikawa chepesi, kikawa kinakua, nikahisi kinafika darini. Nikataka kufungua mkono, mkono ukagoma.

Hapo sikuwa tena chumbani. Kichwa changu kilikuwa na fundisho moja tu: midomo, vidole, kichwa. Usiulize. Toka.

Nilibomoa mlango na bega. Nikamshika Ngalula mkono, mtoto mdogo kwapani, wakubwa wakafuata, nikatoka nje napiga kelele, "Gaz! Gaz! Bantu bote inje!"

Sasa fikirieni. Ule mstari wote ni wachimbaji, na wote tumefundishwa tusiulize.

Walitoka kama siafu. Wazee, wajawazito, mtu na bukari mkononi, mwingine na taulo na sabuni machoni. Jirani yangu alimbeba mama mkwe wake mgongoni, na hao wawili hawakuwa wanasalimiana. Mtu akaanza kugonga kile kipande cha reli cha kuitia watu, mistari mingine nayo ikatoka. Ndani ya dakika chache Kapata yote iko barabarani.

Kapita wetu naye alikaa mstari ule ule. Akahesabu watu, akafunga kitambaa chenye maji puani, akaingia kwangu.

Akakaa ndani kidogo. Akatoka bila kitambaa, na karatasi mkononi.

"Hamuna gaz. Hata mbabula iko baridi. Ni mukeka na hii."

Akaisoma kwa sauti. "Kaa. Funga macho. Sikiliza pumuzi. Kila siku. Usikimbie."

Mama mmoja akasema, "Ah, hii mwandiko si ya Mbuyi?"

Watu wakaanza kucheka. Na Mbuyi mwenyewe huyo anakuja anakimbia na mkoba wake wa dawa, shati jeupe kama kawaida, hata Jumapili ile.

Wakuu, aibu na wivu vikikutana hakuna akili inayobaki. Nilinyoosha kidole changu kilichojikunja, nikasema mbele ya watu wote, "Muulize muke yangu! Muulize anaendaka kwa huyu bwana kila Jumanne kufanya nini!"

Kicheko kikakatika.

Nilitaka lile neno lirudi mdomoni. Halikurudi. Mwanamke wa Kapata akisemwa hivyo barabarani, hata akiwa msafi, hana pa kuweka uso wake tena. Nilijua ninachokifanya na nilikifanya.

Ngalula aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu. Hakupaza sauti.

"Unataka bajue? Mi njo nilienda dispensaire. Kila siku unashuka chini, moyo yangu inapiga, mikono inawasha, midomo inawasha, nazania nakufa. Mbuyi alipima, akakosa bugonjwa. Akaniambia ni woga, akanifundisha kukaa nayo. Ningekuambia we? Ulinikataza. Miezi ine niliogopa mi peke, na batoto banalala. We umeogopa dakika kumi, umetoa Kapata muzima inje."

Wachimbaji waliangalia chini, maana neno lenyewe limesemwa, tena hadharani. Wake zao ndio waliokuwa wanamtazama Ngalula. Mmoja akaanza kulia, mke wa kapita.

Mi nilikaa chini, kwenye vumbi.

Mbuyi akachuchumaa karibu yangu. Ningependa kuwaambia alinidharau, ingenisaidia. Hakunidharau.

"Citoyen, ulikuwa unavuta pumuzi namna gani? Onyesha."

Nikamwonyesha.

"Ah. Unavuta sawa na muntu anakimbia, na umekaa. Mikono itawasha tu. Haiko gaz, haiko bulozi. Fungula macho. Sikia udongo chini ya miguu. Acha pumuzi iende yenyewe, kidogo kidogo."

Nikafanya. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Jamaa alikuwa sahihi, na hilo liliniuma kuliko aibu.

Nyumbani nilimwomba Ngalula msamaha. Alisema "nimesikia", basi. Alilala na watoto.

Jumatatu asubuhi wenzangu wawili walinijia mlangoni kabla ya gari. "Kaka, usishuke leo. Muke yako amesema woga mbele ya bantu. Utatuletea mambo." Na mi, nisiwafiche, mwiko ule nilikuwa nauamini hadi kwenye mifupa. Ila nikaona nikibaki nyumbani, nimemwambia Ngalula kwamba woga wake unaua, na hataufungua tena mdomo kwangu maisha yake yote. Atakuwa anaupeleka kwa Mbuyi, kila Jumanne.

Akaniletea chakula changu kwenye kitambaa. Nikamuuliza mbele ya wale jamaa, "Leo iko namna gani?"

Alikaza kwanza fundo la kitambaa.

"Naogopa."

"Mi pia naogopaka," nikamwambia. Sikuwahi kusema hivyo kwa mtu yeyote.

Nikapanda gari. Wenzangu walisogea, benchi lote nikakaa peke yangu. Nilishuka, nikapigilia vyuma vyangu, nikapanda. Nilimkuta amesimama mlangoni, akaniambia bukari inapoa.

Basi kijana uliyeuliza, nisikilize. Ukikaa mara ya kwanza ukasikia ganzi, moyo mbio, kichwa kukua, kwanza angalia unavyopumua. Wengi tunavuta kwa pupa. Fungua macho, gusa sakafu, punguza, hata dakika tatu zinatosha. Ikiendelea hata ukiwa hujakaa, nenda hospitali wapime moyo, usijitibu kwa uzi wa jukwaani. Na jiulize umekaa chini kwa sababu gani. Mi nilikaa na wivu, nikafunga macho, nikabaki nao chumba kimoja. Lazima ningekimbia.

Na wewe mwenye wivu, uliza. Uliza vibaya, uliza kwa kigugumizi, lakini uliza ndani, sio barabarani.

Mlionipita kwenye mambo haya ya kukaa kimya, tupeni uzoefu wenu, mwili ulikufanyeni nini mwanzoni? Matusi pia napokea, nilishayazoea Kapata.

Mtauliza kama wivu uliisha. Kwa Mbuyi kama mwanaume, uliisha siku ile ile. Hakuwa na neno na mke wangu. Ila yeye aliujua woga wa Ngalula miezi minne kabla yangu, na mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Hapo, wakuu, namwonea wivu mpaka leo.