Nilichora bustani katikati ya parseli ya zamani Butembo, siku ya kilio jeneza likakosa njia

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Haya sikusimuliwa. Mchoro ulikuwa wangu na jengo bado limesimama, anayetaka aje aone.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Tangu hapo ni kuzunguka tu: nimepakia malori Kirumba, nimepiga plasta Beni. Kuchora majengo nilijifunza kwenye simu, nikisumbua kwa maswali kila injinia niliyekutana naye.

Papa Kambale, muuza vitenge, aliona michoro yangu akaniita. Familia yake ina parseli, yaani kiwanja, kwenye mtaa wa zamani, zile nyumba za matofali zenye baraza za enzi za Wabelgiji. Alitaka butiki chini, apatimenti juu, na espace vert, yaani bustani, katikati. Hesabu za zege angefanya injinia wake. Mimi nipange nafasi.

Nilijitolea moyo wote. Ukuta wa mbele nikauacha, madirisha yake yakawa milango ya butiki. Katikati palikuwa na uwanja mtupu wa udongo, unaofagiwa kila asubuhi. Pale nikachora majani, maua na matuta ya mawe, maana huku ni milima na mvua haitanii.

Njia ya kuingilia nikaifanya kichochoro chembamba chenye kona, ili butiki zipate upana. Pikipiki inapita, nikaona yatosha.

Aliyekuwa akiishi pale ni mama yake Papa Kambale, Koko Masika. Nikamwonyesha mchoro. Akautazama sana.

"Siku ya kilio, turubai mutafungia wapi?"

"Koko, unataka kufa mbele ya kuona maua?"

Tukacheka wote, naye pia. Kisha akasema, "Mi nauliza tu, mutoto yangu. Ni hapa tulililia baba yake Kambale."

Nikaongeza benchi mbili kwenye mchoro, nikadhani nimemjibu.

Jengo likaisha, nikarudi Beni. Nilikuwa huko mtaa wa Bungulu, juu ya ngazi, simu ilipoita: Koko amefariki.

Kwa mlio mbali: kwetu marehemu hupita kwanza nyumbani kwake, majirani wakae naye chini uwanjani, ndipo aende kaburini.

Nilifika jeneza likiwa kichochoroni. Wanaume walilipinda kulia, wakalipinda kushoto, kona ikakataa. Mmoja akataka walisimamishe wima.

"Hapana," mwingine akasema. "Mama si gunia ya maharagi."

Wakarudi nyuma. Wakamlaza barazani, mbele ya milango ya chuma ya butiki. Wamama wakatandika mikeka kando ya barabara, na kila lori lilipopita walikunja miguu.

Nikaingia ndani peke yangu. Majani ya ile bustani yalikuwa mazuri kweli, hakuna aliyeyakanyaga. Papa Kambale akaja akasimama kando yangu.

"Petit, jardin yako iko muzuri," akasema.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Siku hizi, kabla ya kuchora, nauliza familia inalilia wapi watu wake, na mlango naupima kwa jeneza. Wenye parseli wengine wananiambia naleta mikosi. Waseme.

Nyinyi mnaokaa kwenye maetaji, hizi nyumba za ghorofa, mnafanyaje siku kama hiyo? Na mafundi mlio humu: ile kona inaweza kubomolewa bila kugusa ukuta wa zamani? Papa Kambale hajaniuliza, lakini nimeshaanza kuchora.